Uzi: Bastola ya nyumbani ikitwaliwa na mtoto, mzazi afungwe?

Mnyamwezi_GR (mleta uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Huku Michigan, kwenye makundi yetu ya WhatsApp, mada ya bunduki majumbani imerudi tena na kila mtu ana lake. Mmoja anadai mwenye green card haruhusiwi hata kugusa bastola. Si kweli. Unanunua dukani kama raia, unajaza fomu ileile na jina lako linakaguliwa vilevile. Mwingine anadai mtoto akichukua silaha yako akafanya balaa, anayefungwa ni mtoto peke yake. Mzazi analia mahakamani na kurudi kwake. Hili la pili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kwa ambao hawakuifuatilia: tarehe 30 Novemba 2021 kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne na kujeruhi watu saba katika sekondari ya Oxford, mji mdogo kaskazini mwa Detroit. Bastola aliinunua baba yake siku nne kabla, Ijumaa ile ya punguzo baada ya sikukuu ya Shukrani, na kijana alikuwa naye dukani. Kesho yake mama akampeleka kulenga shabaha. Jumatatu mwalimu akamkuta darasani anaangalia risasi kwenye simu. Shule ikampigia mama, naye akamwandikia mwanawe ujumbe wa utani: sijakukasirikia, ila ujifunze kutokamatwa.

Jumanne asubuhi mwalimu wa hesabu akaona karatasi ya zoezi ina mchoro wa bastola, mtu anavuja damu, na maneno "mawazo hayakomi, nisaidieni". Wazazi wakaitwa. Wakaambiwa mtoto aonwe na mshauri ndani ya saa 48. Hawakuondoka naye, wakarudi makazini. Hawakutamka kwamba nyumbani kuna bastola mpya. Begi halikufunguliwa na mtu yeyote, na bastola ilikuwamo humo. Saa 6:51 mchana kijana akatoka chooni na kuanza kufyatua.

Mtoto amepata kifungo cha maisha bila msamaha. Mama akatiwa hatiani Februari 2024, baba Machi, kwa kuua bila kukusudia, na tarehe 9 Aprili 2024 kila mmoja akapigwa miaka 10 hadi 15. Ni wazazi wa kwanza Marekani kufungwa kwa kosa hilo kutokana na mauaji ya halaiki aliyoyafanya mtoto wao shuleni.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Siku ile, Michigan haikuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi afungie silaha. Ilikuja baadaye: Gavana Gretchen Whitmer aliitia saini Aprili 2023, ikaanza kazi 13 Februari 2024, mwaka mmoja kamili tangu mauaji ya Chuo Kikuu cha Michigan State. Inasema kama mtoto wa chini ya miaka 18 yupo au anaweza kuwepo nyumbani, silaha usiyoishika mwenyewe itolewe risasi na itiwe kufuli, au ikae ndani ya kasha lililofungwa. Mtoto akiipata na kuionyesha hadharani au kuishika ovyo, hadi siku 93 jela. Akijeruhi, hadi miaka 5. Jeraha la kulemaza, 10. Mtu akifa, 15.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: naiunga mkono sheria hii, na jela ndiyo sehemu yake inayonivutia kidogo kuliko zote. Karibuni.

Kiboko_Tabata

Nimevuta kigoda. Ngoja wajuzi waje.

Mzee_wa_Houston

Mleta uzi umeeleza vizuri ila umeegemea upande mmoja.

Mimi nina duka, nafunga saa nne usiku, na nimeshawahi kufuatwa hadi mlangoni kwangu. Silaha iliyofungiwa kabatini, risasi ziko droo nyingine, ufunguo uko kwa mke, hiyo ni silaha au ni pambo? Mwizi hakupi dakika ya kutafuta ufunguo. Mahakama ya Juu ya hapa Marekani ilishalisema hilo mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller: jiji la Washington lilitaka watu waweke bunduki nyumbani zikiwa zimefunguliwa vipandevipande au zina kufuli, sheria ikatupwa nje.

Na tuseme ukweli. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanangu wamekua wanaiona silaha na hakuna aliyewahi kuigusa bila ruhusa. Tatizo la wale wa Oxford ni malezi. Sheria ya kufuli haitibu malezi.

Mnyamwezi_GR

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini Heller umeisoma nusu. Washington walikataza silaha isiwe tayari wakati wowote ndani ya nyumba, hata wewe mwenyewe ukiwa umeishika unajitetea. Michigan inazungumzia silaha uliyoiweka mahali ukaondoka. Ikiwa kiunoni kwako saa nne usiku, haikuhusu. Ukilala, kuna visefu vya kando ya kitanda vinavyofunguka kwa alama ya kidole kabla hujamaliza kuvaa ndala.

Halafu hili la "wanangu hawajawahi kuigusa" kila mzazi analisema. Kikosi kinachomlinda Rais wa Marekani, Secret Service, kiliwahi kuchunguza mashambulizi ya shuleni na kutoa ripoti mwaka 2019. Waliotumia bunduki, robo tatu hivi walizitoa nyumbani kwa wazazi au kwa ndugu wa karibu. Sasa wote hao walilelewa vibaya? Wengine wazazi wao walikuwa watu wa kanisani wanaoongea kama wewe tu.

Nesi_Louisville

Mnajadili shule kwa sababu ndizo zinazoingia kwenye habari. Mimi kazini naona kingine.

Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu kujiua wenyewe. Na kijana hajiui kama mtu mzima aliyepanga miezi mitatu. Ameachwa na mpenzi, ameonewa mtandaoni, amefeli, amegombana na baba yake mezani. Ni jambo la dakika chache, saa moja. Akimeza vidonge, mara nyingi tunamuwahi, na wengi wa wanaopona hawafi baadaye kwa kujiua. Akishika bastola, takriban tisa kati ya kumi hufa. Tofauti yao haiko kwenye uchungu waliokuwa nao. Iko kwenye kitu walichokikuta kabatini.

Kwa hiyo mzee wa Houston anapouliza silaha iliyofungiwa ina faida gani, faida ni hiyo: kijana akute kufuli, apige mateke ukuta, alie, alale, kesho aende shule na macho mekundu. Hakuna mwandishi wa habari atakayeandika kwamba mtoto wa fulani jana hakufa. Taasisi ya RAND, ambayo hupima ushahidi wa sheria za bunduki za kila aina na mara nyingi husema ushahidi hautoshi, kwenye sheria hizi za kuzuia watoto wasifikie silaha inasema ushahidi upo: zinapunguza vijana kujiua na ajali za watoto.

Ndiyo maana daktari wa watoto akikuuliza "nyumbani kuna bunduki?" usikunje uso. Florida walitunga sheria mwaka 2011 kuwazuia madaktari wasiulize, mahakama ya rufaa ikaifuta 2017. Na Florida hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza nchini, mwaka 1989, kumwajibisha mzazi anayeacha silaha mtoto akaipata. Nchi ya vituko.

Kiboko_Tabata

Nesi umenitoa kwenye kigoda. Sikulijua hili la kujiua.

Mwana_Uvira

Bandugu, mie niko Michigan pia, tulitoka kambini Nyarugusu. Sisi wengi wetu tulikimbia bunduki. Leo mtu amefika, anafanya kazi ya ulinzi usiku, amenunua bastola, anaiweka chini ya godoro vile tulivyokuwa tunaficha pesa. Watoto ndio wanaotandika kitanda.

Lakini naomba muone kitu kimoja kwenye hadithi ya Oxford. Wale wazazi waliitwa shuleni, wakaongea Kiingereza chao cha kuzaliwa, wakaonyeshwa mchoro, na bado hawakuelewa, au walijitia hamnazo. Kwetu je? Shule ikiita, anayetafsiri ni mtoto mwenyewe! Mwalimu anasema "mwanao ameandika kitu cha kutisha", mtoto anamwambia mama yake "anasema nimechelewa kuleta homuwaki". Nimeona kwa macho yangu, mama anaitikia kwa kichwa na kusema asante, asante sana.

Dada mmoja wa shirika letu ndiye alinifundisha: shule inayopokea pesa za serikali inatakiwa ikupe mkalimani bure, na hairuhusiwi kumtegemea mtoto atafsiri mambo kama hayo. Udai. Ukae hapo kwenye kiti hadi waungane na mkalimani kwa simu.

Mnyamwezi_GR

Mwana Uvira, hilo peke yake lilistahili uzi wake. Watu walichukue na walipeleke kanisani na msikitini Jumapili na Ijumaa hii.

Wakili_Kivuli

Nimesoma mpaka hapa. Nina tatizo, na si lile la mzee wa Houston.

Kufuli nalikubali. Nisichokikubali ni huu mchezo wa kumtafuta mzazi baada ya maiti kuhesabiwa. Angalieni adhabu zilivyopishana. Highland Park, Illinois, sherehe za 4 Julai 2022, watu saba waliuawa. Baba ndiye aliyemsainia kijana wake maombi ya kitambulisho cha kumiliki silaha. Alikiri kosa dogo, akapewa siku 60. Newport News, Virginia, Januari 2023, mtoto wa miaka 6 alimpiga risasi mwalimu wake wa darasa la kwanza, mwalimu akapona. Mama, binti mdogo mweusi, alifungwa miezi 21 na serikali kuu (kwa kumiliki silaha huku akitumia bangi), halafu miaka miwili na jimbo kwa kumtelekeza mtoto. Saba wamekufa, siku 60. Hakuna aliyekufa, karibu miaka minne. Michigan wanne, miaka 10 hadi 15. Hapo kanuni iko wapi?

Na Oxford yenyewe: shule iliuona mchoro uleule, iliwaruhusu waondoke bila mtoto, haikupekua begi. Hakuna mtumishi wa shule aliyeshtakiwa kwa jinai. Mama alipopanda kizimbani alisema akijiuliza kama angefanya tofauti, jibu ni hapana, na kwamba silaha zilikuwa kazi ya mumewe. Jibu baya sana, nakubali. Lakini kutoa jibu baya si kosa la jinai. Ukishajua mwisho wa hadithi, kila ishara ya nyuma inaonekana kubwa kama mnara.

Nesi_Louisville

Wakili, Virginia usiishie kwa mama tu. Mwalimu alifungua madai, na Novemba 2025 juri (raia wanaoamua kesi mahakamani) ikaamuru aliyekuwa naibu mkuu wa shule alipe dola milioni 10, kwa sababu aliambiwa mtoto huenda ana silaha na hakuchukua hatua. Kwa hiyo watu wa shule nao wanaanza kuguswa.

Wakili_Kivuli

Sahihi. Fidia si jela, lakini nimekuelewa.

Mnyamwezi_GR

Wakili, hoja ya adhabu kupishana sina jibu lake na sitajifanya ninalo. Ukiwa mzazi mweusi mhamiaji, ukitokea msiba kwako, usitegemee kupewa siku 60. Na kama si raia, kesi ya jinai inaweza kukugusa hadi kwenye makaratasi ya ukaazi.

Ila kwenye "kila ishara inaonekana kubwa baadaye" nakukatalia kwa Oxford. Achana na mchoro, achana na ujumbe wa simu. Tangu 2005 sheria ya nchi nzima inamtaka muuza duka ampe mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia. Walipewa kufuli la waya. Polisi walilikuta bado liko kwenye pakiti yake. Bunduki zao nyingine zilikuwa kwenye sefu yenye namba ya siri 0-0-0, ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwenye kesi ya baba, mwendesha mashtaka Karen McDonald alichukua bastola ileile na kufuli la aina hiyo, akaifunga mbele ya juri. Hata wimbo mfupi ungekuwa haujafika kibwagizo.

Hapo huhitaji kujua mwisho wa hadithi. Na ndiyo sababu nasema sheria ya kufungia ni ya haki kuliko kesi ya Oxford. Mashtaka ya kuua bila kukusudia yanakukuta baada ya msiba, mawakili wanabishana ulijua nini na lini. Sheria ya kufungia inakwambia leo, mtoto wako akiwa bado anacheza mpira nje, kwamba hili fanya. Ona Georgia, sekondari ya Apalachee, Septemba 2024: wanafunzi wawili na walimu wawili waliuawa. Polisi walikwenda kwa baba Mei 2023 kuulizia vitisho vya mtandaoni. Krismasi ya mwaka huohuo, kwa maelezo ya waendesha mashtaka, baba akampa kijana bunduki kama zawadi. Jimbo halikuwa na sheria ya kumwambia aifungie. Akasubiriwa hadi watu wafe, ndipo akashtakiwa kwa mauaji.

Lindo_la_Usiku

Mnaongea sana sheria, ngoja nieleze kufuli lenyewe maana wengine wanalo ndani na hawajui linaingiaje.

Kufuli la waya ni waya mnene wenye ngozi ya plastiki, urefu kama mkono hadi kiwiko, na kikufuli mwishoni. Kwa bastola ya kawaida ya magazini (kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mshikio): elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole mbali na triga. CHOMOA MAGAZINI KWANZA. Kisha vuta sehemu ya juu nyuma mpaka ikae wazi. Hapa ndipo watu wanapoua. Ukivuta nyuma kwanza halafu ndio uchomoe magazini, ukiiachia inarudi imebeba risasi nyingine, na wewe umekaa unaamini haina kitu. Magazini nje haina maana chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) ni tupu. Chungulia. Ingiza kidole kidogo upapase. Gizani papasa mara mbili.

Ikishakuwa tupu, pitisha waya kwenye tundu la pale ganda linaporukia, utokee chini kwenye tundu la magazini, funga. Sehemu ya juu haiwezi kurudi mbele, kwa hiyo haipigi. Risasi weka kwingine. Ufunguo usiutundike kwenye kamba ya funguo za gari, hiyo ambayo dogo anatumwa kila siku "niletee funguo".

Na sefu ya namba: usitumie mwaka wa kuzaliwa mtoto, wala namba ya simu yako. Wanajua zote.

Kaka_Nakuru

Huku Kenya mambo ni tofauti, raia anayetaka bastola anapita kwa Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na wanaoipata ni wachache. Kwa hivyo sisi mjadala wa mtoto na bastola ya mzazi si wa kila siku. Lakini wale walio nazo, hasa walinzi wa wakubwa na wenye mali, nani huwauliza wanazilaza wapi? Mimi sijawahi kusikia mtu akiulizwa swali hilo kwa harusi ama kwa chama.

Mzee_wa_Houston

Nimerudi. Lindo, asante kwa somo, hilo la chemba kuna watu wazima hawalijui.

Swali langu kwa mleta uzi: nani atakuja kukagua chumbani kwangu kama nimefunga? Kama hakuna, basi sheria yako nayo inasubiri damu kama hiyo ya zamani. Na kama yupo, mimi simfungulii mlango.

Mnyamwezi_GR

Hakuna anayekuja kukagua mzee, sheria haikumpa polisi ruhusa ya kuingia kupekua makabati. Uko sahihi kwamba kesi huja baada ya tukio. Ilipoanza kazi, siku moja tu baadaye, tarehe 14 Februari 2024, mjini Flint, mtoto wa miaka miwili aliokota bastola ndani ya nyumba akajipiga risasi usoni. Alinusurika. Baba yake akawa wa kwanza kushtakiwa kwa sheria hii. Kwa hiyo haikumzuia yule.

Lakini angalia inachofanya pembeni. Zamani, nikimpeleka mwanangu kulala kwa rafiki yake, nikimuuliza mwenye nyumba "silaha zenu mmezifungia?" ningeonekana mshamba au mchokozi. Sasa nauliza kama ninavyouliza kama kuna mbwa mkali. Dukani muuzaji analitaja. Kliniki wanalitaja, na ofisi nyingi za polisi hutoa makufuli ya waya bure. Mke anayemwogopa mumewe kwa mengine yote, kwa hili anaweza kusema "baba fulani, ni sheria, tutafungwa". Usidharau hiyo sentensi. Kuna nyumba za watu wetu ambako ndiyo sentensi pekee itakayosikilizwa.

Mzee_wa_Houston

La mke nimecheka. Haya, kisefu cha alama ya kidole nitakitazama, ila siungi mkono serikali.

Mwana_Uvira

Swali. Kijana wangu ana miaka 16, rafiki zake wanawinda kulungu kila Novemba na baba zao. Anataka kwenda. Kwa sheria hii ya Michigan nikimpa bunduki nimevunja?

Wakili_Kivuli

Hapana. Sheria imeacha nafasi kwa uwindaji, kulenga shabaha, mafunzo na kazi za shamba, mradi mzazi ametoa ruhusa na masharti ya usimamizi yafuatwe. Kinachokatazwa ni bunduki kukaa wazi nyumbani baada ya kurudi. Muulize huyo baba anayewapeleka: bunduki zinasafirije kwenye gari, nani anazibeba usiku mkilala huko, na zikirudi zinaingia wapi. Akikujibu bila kusita, mpe ruhusa. Akianza kukupigia stori za jinsi wanawe wanavyojua kulenga, endelea kuuliza.

Mwana_Uvira

Nitaenda mwenyewe kwake Jumamosi. Na mkalimani.